Barua ya wazi kwa Waziri wa Sheria wa Uingereza: aliyeusikia ushahidi uliokataliwa asiwe ndiye anayehukumu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Sheria, London,
na kwa wabunge watakaoupigia kura mpango wa kupunguza juri.

Mheshimiwa Waziri,

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Mahakama zako zinatuita sisi wakalimani wa Kiswahili mara kwa mara, kwa hiyo wizara haitakosa mtu wa kukusomea barua hii. Na wapo ambao nataka waisome kabla yako: Wakongomani, Warundi, Wabarawa, Wakenya na Watanzania wanaoishi katika miji yenu. Siku mmoja wao akikamatwa usiku wa manane, sheria ninayoizungumzia ndiyo kinga yake ya mwisho, na wengi wao hawajapata kuisikia.

Desemba 2025 serikali yenu ilitangaza Bungeni kwamba kesi nyingi zinazosikilizwa leo na juri, yaani lile jopo la wananchi 12, zitahamishiwa kwa jaji atakayekaa peke yake. Kigezo mlichokitaja ni kesi ambazo adhabu yake inatarajiwa kuwa kifungo cha miaka 3 au pungufu. Sir Brian Leveson, jaji mstaafu mliyempa kazi ya kuchunguza mahakama za jinai, katika ripoti yake ya Julai 2025, alikuwa amependekeza jaji akae pamoja na mahakimu wawili. Nyinyi mkawaondoa hata hao wawili. Sababu yenu inajulikana: kesi karibu 80,000 zimerundikana katika mahakama za Crown, zile zinazosikiliza kesi nzito za jinai za England na Wales. Mrundikano huo nauona kwa macho yangu. Naona mashahidi wakiulizwa mambo ya miaka mitatu iliyopita kana kwamba yametokea jana, na naona wanawake waliopigwa majumbani wakikata tamaa na kujitoa kabla tarehe ya kesi haijafika. Juri lenyewe sitabishana nawe juu yake hapa. Wapo mawakili wengi wanaofanya kazi hiyo, na wana sauti kuliko mimi.

Swali langu ni dogo zaidi, na katika kelele zote hizo sijasikia likijibiwa. Wakili wa utetezi akisimama na kusema, "Ushahidi huu ulipatikana isivyo haki, naomba usipokelewe," nani atalisikiliza ombi hilo? Kama ni jaji yule yule atakayeamua mshtakiwa ana hatia au hana, basi mmebomoa ukuta bila hata kuutaja.

Wasomaji wangu wanapaswa kuujua ukuta wenyewe kwanza. Kifungu cha 78 cha Sheria ya Polisi na Ushahidi wa Jinai ya 1984, ambayo huku wanaiita PACE, kinaipa mahakama uwezo wa kuukataa ushahidi wa upande wa mashtaka endapo, ikitazama mazingira yote pamoja na namna ushahidi ulivyopatikana, itaona kuwa kuupokea kutaiharibu haki ya kesi kiasi cha kutovumilika. Kifungu cha 76 kinahusu maungamo peke yake, na ni kikali zaidi. Mtuhumiwa akikiri kwa kuonewa, au kwa sababu ya jambo lililosemwa au kutendwa ambalo lingeweza kuyafanya maungamo yasiaminike, mahakama haina hiari. Inayatupa, isipokuwa upande wa mashtaka uthibitishe pasipo kuacha shaka kwamba hayakupatikana kwa njia hiyo.

Hapa niwaondolee ndugu zangu dhana iliyoletwa na sinema za Marekani. Wengi wanaamini polisi akisahau kumsomea mtu haki zake, kesi imekufa. England mambo hayaendi hivyo. Majaji wa hapa wamesema tena na tena kuwa hawakatai ushahidi ili kumwadhibu polisi; wanachotazama ni kama kesi itakuwa ya haki. Ukipekuliwa kinyume cha sheria na bastola ikapatikana kweli uvunguni mwa kitanda chako, bastola hiyo mara nyingi itafika mbele ya mahakama. Polisi walipotega kinasa sauti kwenye nyumba aliyoitembelea Sultan Khan, hapakuwa na sheria yoyote iliyowaruhusu, lakini Baraza la Malodi, ambalo wakati huo lilikuwa pia mahakama ya mwisho ya nchi, mwaka 1996 lilikubali kanda hiyo itumike. Mwaka 2000 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, iliyoko Strasbourg, ikasema faragha yake ilivunjwa, ila kesi yake haikukosa haki. Na hata maungamo yakitupwa, kitu kilichopatikana kutokana nayo, kama kisu kilichofukiwa bustanini, kinaweza kuletwa, mradi upande wa mashtaka usiseme polisi walijuaje pa kuchimba.

Kwa hiyo mlango wa kukataa ushahidi ni mwembamba. Hata huo haukufunguliwa bure, na sehemu ya gharama ililipwa kwetu.

Wanafunzi wa sheria wa nchi yako wanalisoma jina la Kuruma mwana wa Kaniu. Wengi wa wajukuu wa majirani zake hawalijui. Ilikuwa Kenya, wakati wa hali ya hatari, serikali ya kikoloni ikipambana na Mau Mau. Kuruma alisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani akiwa na baiskeli, akapekuliwa na askari wa cheo cha chini. Kanuni za hali ya hatari, zilizotungwa na serikali hiyo hiyo, ziliruhusu upekuzi wa namna ile ufanywe na ofisa wa cheo cha mkaguzi msaidizi au zaidi. Askari wakasema wamemkuta na risasi mbili na kisu kidogo cha mfukoni. Kisu hicho hakikuletwa mahakamani. Watu waliosemekana kuwapo wakati wa upekuzi hawakuitwa kutoa ushahidi. Adhabu ya kukutwa na risasi, hata mbili, ilikuwa kifo, na ndiyo aliyopewa.

Rufaa yake ilifika London, kwenye Privy Council, baraza lililokuwa mahakama ya mwisho kwa makoloni. Desemba 1954 Lord Goddard akaamua kwamba swali ni moja tu: ushahidi unahusiana na shauri au hauhusiani? Ukihusiana unapokelewa, na mahakama haina haja ya kujua ulipatikanaje. Akakubali kwamba jaji wa kesi ya jinai ana hiari ya kuukataa ushahidi pale ambapo kanuni zikifuatwa kwa ukali zitamwonea mshtakiwa, akatoa mfano wa waraka uliopatikana kwa hila. Hiari hiyo haikumfaa Kuruma kitu. Rufaa ilitupwa, kisha wazee wale wakaona inafaa kumjulisha waziri wa serikali mambo yaliyowatatiza katika ushahidi wenyewe. Wasiwasi walikuwa nao, ila sheria haikuwapa mahali pa kuuweka.

Kwa zaidi ya miaka 20 kesi hiyo kutoka Kenya ndiyo iliyoongoza mahakama za England. Mwaka 1979 Malodi waliibana hiari ile zaidi. Kilichokuja kubadilisha mambo ni kesi ya huku huku, kusini mwa London. Mwaka 1972 Maxwell Confait aliuawa Catford na nyumba ikachomwa moto. Vijana watatu, wa miaka 14, 15 na 18, mkubwa wao akiwa na ulemavu wa akili, walihojiwa bila wakili na bila wazazi, wakakiri mambo ambayo hawakuyafanya. Walitoka mwaka 1975. Ukafanywa uchunguzi, ikaundwa Tume ya Kifalme, na mwisho wa safari hiyo ndio PACE.

Wakati muswada wa PACE ukiwa kwenye Baraza la Malodi, Lord Scarman alipendekeza kwamba ushahidi uliopatikana isivyo halali ukataliwe, na mzigo wa kushawishi vinginevyo ubebwe na upande wa mashtaka. Malodi wakampitishia. Serikali ya wakati ule haikukipenda kipengele hicho, ikakibadilisha na maneno yake yenyewe, ambayo ndiyo kifungu cha 78 cha leo. Nitalirudia suala la mzigo huo.

Tangu kifungu hicho kianze kutumika Januari 1986, kimefanya kazi kubwa kuliko waliokiandika walivyotarajia. Mwaka 1987 Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu ya mtu aliyeitwa Mason, aliyedaiwa kuchoma gari kwa chupa ya petroli. Polisi walimdanganya kwamba alama ya kidole chake imeonekana kwenye kipande cha chupa. Hapakuwa na alama. Baya zaidi, walimdanganya na wakili wake, naye wakili, kwa kuamini, akamshauri aeleze. Mwaka huo huo ikafutwa hukumu ya wizi wa kutumia nguvu dhidi ya Samuel, ambaye alikiri baada ya kunyimwa wakili, hali wakili mwenyewe alikuwa tayari kufika. Majaji waliiita haki ya kumuona wakili kuwa miongoni mwa haki za msingi kabisa za raia.

Kisha kuna Cardiff. Stephen Miller, kijana mwenye uelewa mdogo, alihojiwa kwa jumla ya saa 13 hivi katika siku tano kuhusu mauaji ya Lynette White. Alikana mara zipatazo 300. Wakafoka, wakarudia, wakafoka tena, mpaka akakubali. Wakili wake alikuwa amekaa hapo hapo chumbani na hakuwazuia. Kanda ziliposikilizwa kwenye Mahakama ya Rufaa Desemba 1992, majaji walisema wazi kwamba walishtuka. Lord Taylor alisema ukiacha kumpiga mtu, ni vigumu kufikiria mahojiano ya vitisho kuliko yale. Miller, Yusef Abdullahi na Tony Paris wakaachiwa. Mwaka 2003 muuaji halisi alipatikana kwa vinasaba, akakiri. Nawaomba wanaosema sheria hii inawalinda wahalifu waikumbuke kesi ya Cardiff: kwa muda wote ambao watu watatu walikuwa gerezani kwa maungamo mabovu, aliyeua alikuwa mtaani.

Sasa nije kwenye ninayoyaona kazini. Mtu akifikishwa kituoni, sajini wa mahabusu humsomea haki zake kwenye kaunta. Kama hakuna mkalimani karibu, na usiku huwa hakuna, napigiwa simu na sauti yangu inatoka kwenye spika. Simwoni aliyekamatwa. Nasikia milango ya chuma, mtu mwingine akilia au akiimba seli ya pili, na sajini akisoma haraka kama anayesoma majina ya vituo vya basi. Linapofika swali la wakili, ndugu yetu mara nyingi haulizi sajini, ananiuliza mimi: "Kaka, wakili analipwa na nani? Nikimtaka nitalala humu?" Na swali hili nimelisikia kwa watu wengi kiasi kwamba kulitaja hakumtambulishi yeyote: "Wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?" Siruhusiwi kujibu. Kazi yangu ni kuligeuza swali lake kwa Kiingereza kama lilivyo na kusubiri sajini aseme nini.

Mara nyingi sajini hujibu vizuri: wakili ni bure, saa yoyote. Kanuni ya C, mojawapo ya kanuni za polisi zilizo chini ya PACE, aya ya 6.4, inamkataza polisi kusema au kufanya lolote kwa nia ya kumkatisha mtu tamaa asipate wakili. Lakini ipo namna ya kusema, "Tunaweza kumuita, ila sijui atafika saa ngapi," ambayo kwa mtu mwenye watoto nyumbani ni sawa na kumwambia usimtake. Anakataa wakili. Anahojiwa. Anasema maneno ambayo wakili angemzuia asiyaseme. Miezi kadhaa baadaye maneno hayo yanabishaniwa kortini chini ya kifungu cha 78, na hapo ndipo swali la nani anasikiliza linapokuwa na uzito wote.

Katika mahakama ya Crown, ombi hilo likija, juri hutolewa nje. Watanzania waliofuatilia kesi ya Freeman Mbowe mwaka 2021 wanaijua hatua hii kwa jina la kesi ndogo: kesi kubwa inasimama, kwanza inasikilizwa kama maelezo yalipatikana kihalali, ndipo safari inaendelea. Tofauti ya England ni ule mlango wa pembeni. Wananchi 12 wanatoka, jaji anasikiliza polisi na mshtakiwa, anatazama kanda, anaamua. Akiyakataa maungamo, juri linarudi na halitajua kamwe kwamba yalikuwapo. Haliombwi lisahau kitu, kwa sababu halikukisikia.

Kwa mahakimu hakuna mlango huo, na zaidi ya asilimia 90 ya kesi za jinai huishia kwa mahakimu. Niliwahi kukaa karibu na mshtakiwa, nyuma ya kioo cha kizimba, nikimnong'onezea yanayosemwa. Kesi ilikuwa ya wazi, ila sitaeleza zaidi ya hapa. Wakili wake aliomba mahojiano ya polisi yakataliwe. Ili aeleze kwa nini, ilimlazimu asome alichokisema mteja wake, maneno ya kukiri kabisa, mbele ya mahakimu watatu. Mmoja wao aliandika. Wakatoka, wakakaa, wakarudi. Mwenyekiti akasema mahojiano yamekataliwa na mahakama haitayazingatia. Nikamnong'onezea. Akageuka akaniangalia, akauliza kwa sauti ya chini, "Si ndio hao hao?"

Sikuwa na la kumjibu, na hata ningekuwa nalo nisingeruhusiwa. Walichokiamua baadaye si hoja yangu. Hata wangemwachia, swali lake ni halali.

Najua jibu la wanasheria wenu, nimelisikia: mahakimu wamefundishwa kuyaweka kando wasiyopaswa kuyazingatia, na jaji mzoefu zaidi ya hao. Sitilii shaka nia zao. Lakini kama kuweka kando ni rahisi hivyo, kwa nini miaka yote hii juri linatolewa nje? Na mahakama zimeuacha mlango wazi zaidi ya inavyopaswa. Mwaka 1987 Mahakama Kuu ilisema kwamba mahakimu hawalazimiki kuliamua ombi la kifungu cha 78 kwa hatua ya peke yake. Wanaweza kuusikia ushahidi wote na kuamua mwishoni. Maana yake wanaweza kuujua moyo wa kesi nzima, kisha waamue kama walipaswa kuusikia.

Na nyinyi wenyewe mnayo historia ya jaji anayehukumu bila juri. Tangu 1973, Ireland ya Kaskazini, kesi za ugaidi zilisikilizwa katika mahakama zilizoitwa Diplock. Zililaumiwa sana, na kwa haki. Lakini hata sheria ile ya dharura, ya 1978, ilitambua tatizo ninaloliandikia: jaji akigundua katikati ya kesi kwamba maungamo aliyokwisha kuyapokea yalipatikana kwa mateso au kudhalilishwa, aliweza kuagiza kesi ianze upya mbele ya mahakama yenye watu wengine. Aliyehukumiwa naye alikuwa na haki ya rufaa bila kuomba ruhusa. Ikiwa katikati ya mabomu mliona jaji mmoja hatoshi kwa kazi zote mbili, sioni kwa nini mrundikano wa kesi uwape ujasiri ambao vita haikuwapa.

Haya si mambo ya gharama ya kutisha. Vifaa vipo. Tangu sheria ya 2003, mahakimu wanaweza kutoa uamuzi juu ya ushahidi kabla ya siku ya kesi, na uamuzi huo ukawafunga watakaoisikiliza. Mahakama ya Crown ina uwezo kama huo tangu 1996. Kinachokosekana ni neno moja la lazima: anayeamua awe mtu mwingine. Ukichelewesha kesi chache kwa kutafuta jaji wa pili, umechelewesha kesi chache. Ukimfunga mtu kwa maneno yaliyokwisha kukataliwa, utarudi Mahakama ya Rufaa baada ya miaka, na bili yake unaijua.

Nilisema nitarudi kwenye mzigo. Chini ya kifungu cha 78 hakuna aliyebebeshwa mzigo wowote. Mahakama zenyewe zimesema hivyo. Kwenye karatasi inaonekana ni usawa. Kortini, mshtakiwa ndiye anayehangaika: atafute kanda ya kaunta, athibitishe sajini alisema nini saa tisa usiku kwa lugha asiyoijua. Tanzania, ambayo mara nyingi huku inatajwa kama mahali pa kufundishwa sheria, iliandika tangu 1985, kwenye kifungu cha 169 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kwamba ushahidi uliopatikana kwa kuvunja sheria hiyo ukipingwa, anayetaka upokelewe ndiye anayetakiwa kuiridhisha mahakama. Kenya, ile ile ya Kuruma, imeweka kwenye Katiba ya 2010, ibara ya 50(4), kwamba ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki za msingi utakataliwa kama kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki au kutaidhuru kazi ya kutoa haki. Sisemi polisi wa Nairobi au Dar es Salaam wanafuata maandishi hayo kila siku. Wasomaji wangu wanawajua kuliko mimi. Nasema maandishi yapo, na ya kwenu ni dhaifu kuliko ya watu mliowatawala. Scarman alitaka msifike hapa.

Jambo moja la pembeni, kisha nimalize. Ushahidi mwingi unaobishaniwa usingebishaniwa kama wakili angefika kituoni usiku ule. Mwaka 2021 ripoti ya Sir Christopher Bellamy ilisema msaada wa kisheria kwa kesi za jinai unahitaji angalau pauni milioni 135 zaidi kwa mwaka, na kwamba fedha hizo zilikuwa zikihitajika haraka. Wapigie simu mawakili wa zamu wa mikoani uwaulize wangapi walio chini ya miaka 35. Jibu lao litakueleza hali ya kaunta za polisi kuliko mimi.

Wabunge hupenda kupewa maneno kuliko malalamiko, basi haya hapa, na waandishi wenu wa sheria wayanyooshe:

"Pale ambapo hatia itaamuliwa na jaji peke yake au na mahakimu, ombi lolote chini ya kifungu cha 76 au 78 litasikilizwa na jaji au hakimu ambaye hatashiriki kuamua hatia. Ombi likiibuka katikati ya kesi na ushahidi ukakataliwa, kesi itaanza upya mbele ya mwingine ikiwa mshtakiwa ataomba hivyo. Ikishaonekana kwamba kanuni za polisi zilivunjwa, ni juu ya upande wa mashtaka kuonyesha kwa nini ushahidi huo upokelewe."

Kamati ikitaka kuniuliza maswali, nitakuja. Msihangaike kutafuta mkalimani.

Wako kwa heshima,
Mkalimani wa Kiswahili, Leicester